Kupunguza Ujuaji Kazini: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Lamu

Mjuaji wa kazini huwa wa mwisho kupata habari. Boti imeanza kuvuja, mgeni wa chumba cha juu amenuna tangu asubuhi, mchanga ulioletwa na punda una chumvi: wote wanajua, yeye hajui. Kila alipoletewa jambo alijibu "najua" kabla msemaji hajamaliza, mwisho watu wakachoka kumletea.

Lamu tatizo hili huwa zito zaidi kwa sababu ya adabu. Hapa mtu mzima hamkosoi mwenzake mbele za watu. Atakuitikia "haya", au "hewala", kisha aendelee na shughuli yake akuache na rai yako. Mahali ambapo watu hukatalia waziwazi, mjuaji angalau atagombana nao na kosa litajitokeza kwenye ugomvi. Hapa ataitikiwa mpaka lipu ibanduke.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kujishuku, au aliyeambiwa na mkubwa wake, au na mkewe, kwamba kusikiliza kwake kuna kasoro. Hauanzi na moyo. Kuazimia "kuanzia leo nitakuwa mnyenyekevu" hakufiki mbali, maana mtu aliye katikati ya ujuaji hajioni mjuaji. Anajiona anasaidia. Tutaanza na mdomo na masikio, kwa kuwa vyote viwili vinahesabika.

Hesabu kwanza

Chukua karatasi moja ya daftari, ichore safu tatu, kaa nayo mfukoni siku tano za kazi. Safu ya kwanza ni ya mara ulizomkatiza mtu. Ya pili ni ya mara ulizosema "najua", "hiyo nishaiona", "mimi kazi hii ya miaka", au neno lolote la ukoo huo. Ya tatu ni ya mara ulizouliza swali ambalo jibu lake hukulijua. Piga kijistari papo hapo. Ukisubiri jioni, utakuwa umesahau uliowakatiza na kuyakumbuka maswali yako yote.

Safu ya tatu ndiyo watu wanayojidanganyia. "Hukuona kwamba tanga limechanika?" ni karipio. "Umefikiria kutumia simiti?" mara nyingi ni amri. Swali linaloingia kwenye safu hii ni lile ambalo jibu lake linaweza kukubadilishia mpango wa siku hiyo. Ukiwa na shaka kama lilikuwa swali, usilihesabu.

Wiki ya Maulidi usiipime, wala kumi la mwisho la Ramadhani. Mji umejaa wageni au watu hawana usingizi, na utakachopata ni hesabu ya wiki ile, haitakuambia tabia yako.

Hakuna kiwango rasmi cha kulinganisha. Kwa matumizi ya kawaida, jumlisha safu mbili za mwanzo. Zikiizidi ya tatu mara tatu, unayo kazi ya kufanya. Na kama safu ya tatu haikufikisha vijistari vitano wiki nzima, unayo kazi hata kama hukumkatiza mtu yeyote. Wapo wajuaji wakimya, nao ni wagumu kuwaponya kwa sababu kila mtu huwasifu kwa upole.

Kwa nini mtu hajioni

Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, David Dunning na Justin Kruger, walichapisha utafiti ambamo watu walipewa mitihani ya mantiki, ya sarufi, na ya kutambua mzaha unaochekesha. Walioangukia robo ya chini kabisa walijikadiria kuwa juu ya wastani. Hiyo ndiyo sehemu inayonukuliwa kila mahali, na wanaoinukuu huwa wanamkusudia mtu mwingine. Iliyo na faida kwa mtu wa kazi ni nyingine. Walipoonyeshwa karatasi za wenzao, waliofanya vizuri walirekebisha makadirio yao. Waliofanya vibaya hawakurekebisha. Lakini walipofundishwa mantiki kidogo, wakaanza kuyaona makosa yao wenyewe. Kwa hiyo kumwambia mjuaji "tazama wenzako" hakumsaidii sana. Kumfundisha kazi yenyewe kunamsaidia.

Miaka mitatu baadaye, Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale waliwauliza watu wanajua kiasi gani jinsi vitu vya kawaida vinavyofanya kazi: zipu, choo cha kuvuta maji, kufuli, cherehani. Watu wakajipa alama nzuri. Kisha wakatakiwa waeleze hatua kwa hatua. Walipokwama katikati ya maelezo na kutakiwa wajipime upya, alama zilishuka.

Zoezi hili unaweza kulifanya mwenyewe kwa dakika ishirini. Chagua kitu kimoja cha kazini ambacho huwa unasema unakijua. Kiandike kwa ajili ya mtu atakayekifanya kesho wewe usipokuwepo, hatua moja mstari mmoja. Kila ulipoandika "kisha unarekebisha", "unaweka vizuri" au "inavyotakiwa", zungushia duara. Maduara hayo ndiyo usiyoyajua. Mpelekee anayeifanya kazi hiyo kwa mikono.

Tuseme meneja wa nyumba ya wageni Shela anapanga safari ya boti, mwezi wa Julai. Simu yake inaonyesha upepo wa wastani na hakuna mvua. Anaandika: saa nne tunaondoka, tunavuka mlango, tunaogelea nje, tunarudi kula. Duara liko kwenye "tunavuka mlango", yaani mlango wa bahari wa kutokea nje. Ndani ya maneno hayo mawili mna mambo matatu ambayo meneja hakuyaandika: saa nne maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa, ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), na kusi, upepo wa msimu huo, limekaza kiasi gani. Maji yanapokupwa hutoka nje kwa nguvu, na kusi linavuma kuelekea ndani. Vikikutana pale mlangoni, mawimbi husimama, mafupi na makali, hata kama upepo ni ule ule ulioonyeshwa kwenye simu. Saa chache baadaye, maji yakianza kujaa, pale pale pamelala. Programu haikukosea. Iliulizwa habari za upepo ikajibu habari za upepo, na meneja akachukulia kwamba ameambiwa habari za mlango. Nahodha angemweleza kwa sentensi mbili, kama angeulizwa jana yake badala ya kuambiwa "saa nne" asubuhi ile, wageni wakiwa wameshavaa maboya.

Tabia za kujizoeza

Fanya moja kwa wiki mbili ndipo uongeze nyingine. Wanaoanza zote Jumatatu moja huwa wameziacha zote kufikia Alhamisi.

Anza na kusubiri. Mtu akinyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka tatu kabla hujafungua mdomo. Kwenye simu, hasa mtandao unapochelewa, hesabu mpaka tano. Wazee wengi hapa hutanguliza maneno ya heshima, wakanyamaza kidogo, ndipo wakatoa lile walilolijia. Mjuaji hujibu yale ya heshima na kuondoka. Mahali watu wanapoharibu ni kwamba wanahesabu huku wakipanga jibu, na msemaji anaona usoni kwamba hasikilizwi, anasubiriwa tu amalize. Dawa yake ni kuyarudia kichwani maneno yake matatu ya mwisho wakati unahesabu. Huwezi kufanya hivyo na kupanga jibu kwa wakati mmoja. Na ukimkatiza mtu kwa bahati mbaya, naye akakwambia "mwanangu, ngoja kwanda", usianze kujieleza. Ngoja.

Baada ya hapo, jizoeze kurudisha ulichosikia. Mtu akikupa maelekezo, yarudie kwa maneno yako na umalizie na "kuna nililoliacha?" "Kwa hiyo ni debe tatu za mchanga kwa moja ya chokaa, na tusichanganye nyingine mpaka hii iishe. Kuna nililoliacha?" Wanaorusha ndege hurudia amri za mnara neno kwa neno, na wana sababu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani kwenye ukungu wakafa watu 583. Rubani mmoja mwenye uzoefu mkubwa alikuwa ameanza kuruka bila kibali. Fundi wa ndege yake aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa imeshatoka njiani, akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, akanyamaza. Baada ya ajali kama hizo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani kusikiliza walio chini yao, na walio chini kusema mara ya pili. Hospitali nazo zilikuja kupata kitu cha namna hiyo: orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inataka kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliye chumbani ajitaje jina na kazi yake. Aliyekwisha kutaja jina lake ni rahisi zaidi kufungua mdomo mara ya pili.

Kisha kuna kusema "sijui". Ikisemwa peke yake kazini, "sijui" humwacha mwenzako njiani. Ipe viungo vitatu: sijui, nitamuuliza fulani, nitakujibu wakati fulani. "Sijui kama feri ya mizigo itafika leo. Nitampigia wakala aliye Mokowe, ng'ambo bara, sasa hivi, nikuletee jibu kabla ya adhuhuri." Kiungo cha tatu ndicho huachwa. Kuna pia wanaofichia "sijui" yao nyuma ya inshallah, nalo ni neno lenye heshima yake, halifai kufanywa pazia. Ukisema "kesho inshallah", mteja awe na haki ya kukutarajia kesho. Na ukijikuta umesema "sijui" mara tatu juu ya jambo lile lile ndani ya mwezi, unyenyekevu umekwisha hapo. Ni uvivu, nenda ukajifunze.

Kuuliza kitakachoharibika

Hii ndiyo tabia yenye faida kubwa kuliko zote, kwa hiyo tutaikalia.

Nyumba ya zamani mtaa wa Mkomani inakarabatiwa. Ukuta wa chini ni wa mawe ya matumbawe, mnene karibu nusu mita, lipu yake imezeeka. Injinia kijana amekuja na ratiba: lipu ya simiti, kwa sababu chokaa inachelewa kukomaa na mwenye nyumba anataka wageni waingie kabla ya Desemba. Anawaeleza mafundi wakiwa wote pamoja, juu ya jukwaa, vibarua wakisikiliza. Mwisho anauliza: "Kuna swali?" Fundi mwashi mkubwa anafuta mwiko wake. "Haya, injinia."

Injinia anahesabu kwamba amekubaliwa. Fundi hakukubali. Hakutaka kumvunjia heshima mbele ya vibarua, na yeye analipwa kwa siku. Halafu, kuna jambo lisilosemwa sana: mwaka ujao atakayeitwa kuibandua lipu hiyo na kulipwa ni yeye fundi.

Anachokijua fundi ni hiki. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, nalo hunyonya unyevu kutoka chini pamoja na chumvi yake. Lipu ya chokaa huuachia unyevu utoke nje ukakauka. Simiti ni ngumu na imeziba. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, chumvi hugandia nyuma ya lipu, na baada ya msimu wa mvua mmoja au miwili lipu inaanza kulia ukiigonga kama chungu kitupu. Kisha inabanduka mapande kwa mapande na kuondoka na uso wa jiwe.

Sasa tuchukue asubuhi ile ile, injinia afanye tofauti. Hamuulizi fundi juu ya jukwaa. Anangoja saa ya kahawa, wanakaa barazani pa daka, pale mlangoni, wakiwa wawili, na swali lake ni hili: "Fundi, tukipiga simiti ukuta ule wa chini, kitaharibika nini kwanza, na lini?"

Swali hili linafanya kazi mahali "una maoni gani?" linaposhindwa, na sababu zake ni za kawaida tu. Linauliza habari za ukuta, kwa hiyo kulijibu si kumkosoa injinia. Limeshakubali kwamba kitu kitaharibika, kwa hiyo fundi halazimiki kuanzisha yeye habari mbaya. Tena "lini" humlazimisha mtu kutoa jambo analoweza kulipima: "Mvua za masika mbili, haifiki ya tatu." Ukishauliza, nyamaza. Usisaidie kwa kubuni majibu, "labda kwa sababu ya unyevu, au vipi?" Ukimpa jibu, atalichukua, kwa adabu ile ile.

Ujuzi hapa haukai upande mmoja. Mwenye nyumba akitaka chumba kipanuliwe kwa kuvunja ukuta wa kati, injinia ndiye wa kusikilizwa. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, kiasi cha mita tatu hivi, na ukuta ukiondoka boriti zitakosa pa kukalia. Fundi anayesema "wazee walikuwa wakivunja tu" naye ni mjuaji, cheti hana lakini ugonjwa ni mmoja. Na kwa kuwa mji mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kuna kibali cha kutafutwa kabla ya nyundo, ambacho wote wawili huenda wakadhani mwenzake ameshakiomba. Hilo nalo liulizwe kwa namna ile ile: nani amelipeleka ombi, na tarehe gani?

Maswali mengine ya ukoo huu, kwa kazi nyingine: "Mpishi, wageni wakifika kumi na mbili badala ya wanane, kitakachotuishia kwanza ni nini?" "Sista, fomu hii mpya ikijazwa zamu ya usiku, ni wapi watu watakosea?" "Mwalimu, nikiwapa somo hili darasa la tano, wataniacha wapi?" Umbo ni moja, ila anayeulizwa awe ndiye anayeshika kazi, si msimamizi wake.

Kujifunza kwa aliye chini yako

Nusu saa kwa wiki, kaa na mtu aliye chini yako kicheo umtazame anavyofanya kazi yake, na akikuruhusu, ifanye. Karani akapange stoo na kibarua. Mhasibu akasimame mapokezi. Nahodha wa boti ya injini akakae na wanaokalafati, wale wanaoziba nyufa za mbao za chombo. Achague yeye kazi ya kukuonyesha. Simu iache. Katika nusu saa hiyo huruhusiwi kutoa ushauri wowote, hata mzuri. Andika, uulete baada ya siku mbili kama bado utauona mzuri. Mingi hufa ndani ya siku hizo mbili. Na usimchukulie muda mtu anayelipwa kwa kipande: nusu saa yake ni pesa yake, ama umlipe, ama umfuate wakati wa mapumziko kwa ridhaa yake.

Kukosea mbele za watu

Ukibishana mbele ya watu watano ukaja kubainika umekosea, rekebisha mbele ya wale wale watano. Kumvuta mtu pembeni kumwomba radhi ya siri ni kumlipa nusu ya deni. Iwe fupi: "Jana nilisema mbao zinatosha. Hazitoshi, Athmani alikuwa sahihi, nimeagiza nyingine." Hapo ishie. Usieleze kilichokufanya ukosee, maana maelezo hayo kwa kawaida ni ujuaji unaoingia kwa mlango wa nyuma. Wala usiombe radhi mara tatu nne, ukawalazimisha watu waache kazi wakutulize.

Unyenyekevu wa bandia

Wa kwanza, na hapa Lamu ndio unaopoteza watu wengi, ni adabu kuhesabiwa kuwa unyenyekevu. Mtu ana sauti ya chini, anaamkia kila mzee, anasema "ushauri wenu ni dawa", kisha anakwenda kufanya alilokuwa nalo kichwani tangu alipoamka. Adabu aendelee nayo, ni nzuri. Lakini kipimo ni kingine: mwisho wa mwezi, taja maamuzi mawili ya kazi uliyoyabadilisha kwa sababu ya neno la mtu mwingine, na umtaje mtu huyo. Ukikosa hata moja, umekuwa ukiwaamkia tu.

Kuna kujishusha. "Mimi sijui kitu, nyinyi ndio wataalamu", anasema mtu ambaye kila mmoja anajua kwamba anajua. Watu wanalazimika kumsifu ndipo kikao kiendelee. Kama unajua, sema unachokijua na mahali kinapoishia: "Injini hii naijua, umeme wake siujui."

Kuna swali la mtego, linaloulizwa ili mwenzako ajikwae. Hili halihitaji maelezo. Aliyeulizwa hulitambua mara moja, na hatakujibu kwa ukweli tena.

Na kuna kunyamaza penye hatari, ambako ni kubaya kuliko yote. Mnyenyekevu akiona kamba ya kupandishia foromali, mti unaobeba tanga, imekatika nyuzi, hapaswi kungoja kuulizwa. Mpangilio wa kusema na mkubwa bila kumvunjia heshima ni huu: mwite, sema ulichokiona, sema unachokihofia, sema la kufanya. "Nahodha, kamba ya foromali imekatika nyuzi mbili. Tukilipandisha tanga itatuangukia. Tuibadilishe kabla hatujaondoka." Asiposikia, rudia mara moja kwa maneno yale yale, kwa sauti kubwa zaidi. Asiposikia tena, usipande.

Ukiwa mkubwa wa kazi

Wakubwa hushauriwa waseme mwisho kwenye vikao, na ushauri huo ni mzuri. Hushauriwa pia waanze kumuuliza aliye mdogo kabisa, na huo hapa unahitaji kunyooshwa kidogo, kwa sababu kijana akitakiwa kusema kabla ya wazee waliokaa pale ataona haya, na wazee wataona wamerukwa. Waulize vijana siku moja kabla, mmoja mmoja, kisha kikaoni useme wewe: "Kuna jambo nimeletewa, nataka wazee mnisaidie," bila kutaja aliyelileta mpaka akubali kutajwa.

Rudia ile hesabu ya siku tano baada ya wiki kumi hivi. Ukikuta maswali yamepanda lakini kukatiza hakukushuka, rudi kwenye kusubiri peke yake, ukianzia na simu.

Ukifanya kazi na mjuaji

Usishindane naye kwa ujuzi, mtakesha. Mpe kazi ya kueleza: "Bwana, niandikie hatua zake nizifuate." Atakapokwama atajua mwenyewe, bila shahidi, na hilo humshusha mtu bila kumvunja. Ukitaka kumpinga, mtenge faragha, na uulizie kitu badala ya mtu. Akikuletea jambo asilolijua, hata dogo, mjibu vizuri na bila kicheko, kwa kuwa huenda ilimchukua wiki kulifikisha kwenye ulimi. Ukimcheka, hatakuuliza tena.

Na kama ni mkubwa wako, andika. Ujumbe mfupi wa simu siku ile ile: "Nimeelewa kwamba tunapiga simiti ukuta wa chini kuanzia Jumamosi. Fundi amesema lipu huenda ikabanduka baada ya masika mbili. Nangoja neno lako kabla sijaagiza mifuko." Mtume kabla ya magharibi, mifuko ikiwa bado iko dukani.